Muulize Fundi: Usukani Unyanyuliwe Kiasi Gani?

Barua za maumivu ya mikono na mgongo zimenijia kwa wingi, na karibu zote zinauliza habari za raiza, yaani vyuma vinavyowekwa chini ya usukani wa pikipiki ili uje juu na karibu zaidi na mwendeshaji. Mwezi huu nazijibu kwa pamoja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ndani yake mna maswali ya watu wengi.

Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni mrefu, nina sentimita 188. Pikipiki yangu ni ya kawaida, haina kava za mbele, usukani wake ni wa bomba moja. Nikishaendesha kama saa moja, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vinakufa ganzi na katikati ya mabega panawaka moto. Rafiki yangu ana raiza za milimita 50, anasema nikizifunga tatizo limekwisha. Nizichukue? — Mrefu mwenye ganzi

Marahaba, mwanangu. Usizichukue kwanza. Huenda usukani wako kweli uko chini, lakini milimita 50 ni nyingi, na hiyo ganzi na hayo maumivu ya mabega si lazima yawe na chanzo kimoja.

Tuanze na vidole, maana vinasema mengi. Kuna mishipa miwili ya fahamu inayowasumbua waendeshaji. Mmoja unahudumia kidole kidogo na sehemu ya kidole cha pete, nao hupita upande wa nje wa kiganja, pale nyama ya kiganja inapolalia gripu. Wa pili unahudumia dole gumba, kidole cha shahada na cha kati, nao hupita katikati ya kifundo cha mkono. Wewe unakufa ganzi vile viwili vya mwisho, kwa hiyo ninavyoona uzito wa kifua chako unaushukia ukingo wa kiganja. Mkono wa kulia ndio unaoshika mafuta, yaani gripu ya kuzungusha ili kuongeza mwendo, haupati hata nafasi ya kujinyoosha njiani, ndiyo maana unatangulia kuumia. Ingekuwa ganzi iko kwenye dole gumba na cha shahada, ningekutuma kwanza kwenye leva, kwa sababu leva iliyoelekea juu sana hukulazimisha kukunja kifundo muda wote. Na ganzi ikikufuata hadi kitandani, au ukaanza kuangusha vitu mkononi, mwone daktari kabla ya fundi.

Sasa jipime. Vaa nguo zako zote za safari, koti, glovu na kofia, kwa sababu koti nene hubadilisha mkao. Mwenzako aishike pikipiki ikae wima kabisa, wewe panda, weka miguu yote miwili kwenye vikanyagio. Legeza mabega, kunja viwiko kidogo. Kisha inua viganja kidogo tu kutoka kwenye gripu bila kusogeza kiwiliwili. Kama unaanza kuanguka mbele, mikono ndiyo inayokubeba, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Baada ya hapo fumba macho, inua mikono na uiache ikae pale inapotaka kukaa, kama vile unashika usukani usiouona. Mwenzako apime kwa rula kutoka kwenye gripu hadi kiganjani: juu kiasi gani, na nyuma kiasi gani. Rudieni. Vipimo vikianza kukaribiana, hicho ndicho kimo ambacho mwili wako unakiomba. Watu warefu ninaowapima kwa njia hii mara nyingi hawafiki milimita 35, na wengi hutosheka na 20. Milimita 20 ukiiona kwenye rula unaidharau, lakini mwili huitambua mara moja.

Kabla hujanunua chochote, fanya yale yasiyohitaji chuma. Legeza bolti za klampu, yaani vibano vinavyoushika usukani, uzungushe usukani wenyewe kidogo kuelekea kwako, ujaribu. Usukani wenye mkunjo mkubwa unaweza kukupa sehemu nzuri ya kile unachokitafuta kwa kuuzungusha tu. Kisha legeza leva za breki na klachi, uzipange ili ukinyoosha vidole juu yake, mkono kuanzia kiwiko hadi ncha ya vidole uwe mstari mmoja ulionyooka. Angalia na kiti: kikiwa kimeinama mbele unateleza kuelekea tangi bila kujua, na kila dakika unajisukuma nyuma kwa mikono. Mabega yanayowaka aghalabu ni kazi ya kiti hicho. Mwisho, bana tangi kwa magoti na uache tumbo na mgongo vikubebe. Mwendeshaji asiyetumia magoti ataumia mikono hata kwenye usukani mzuri kabisa.

Ukiyafanya hayo na mwili ukaendelea kudai, hapo raiza ni dawa ya haki, na mimi nazipenda. Ila ujue zinavyofanya kazi. Bamba la juu linaloshika shokapu za mbele halikai sambamba na ardhi, limelala kufuata mwelekeo wa shokapu. Raiza iliyonyooka haipandi wima, inapanda ikirudi nyuma. Chukua pikipiki ambayo shokapu zake zimeinama digrii 25: raiza ya milimita 30 itakupa kama milimita 27 za kwenda juu na karibu 13 za kuja nyuma. Hizo 13 watu huzisahau kwenye hesabu, na ndizo zinazofanya kiwiko kikunjike vizuri. Ndizo pia zinazoweza kuleta gripu au leva karibu mno na tangi ukikata kona yote, yaani ukigeuza usukani hadi mwisho wake. Kwa hiyo kipimo chako cha kuja nyuma kilinganishe na hesabu hii kabla hujachagua raiza zilizopinda, zile zilizotengenezwa kurudisha usukani nyuma zaidi.

Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ni vipande vinavyokaa chini ya klampu ya asili, kati yake na bamba la juu, nawe unafunga bolti ndefu zaidi kutoka chini. Ya pili inakaa pale usukani ulipokuwa, kisha usukani unakaa juu yake na kufungwa kwa klampu mpya. Pikipiki nyingine zina klampu iliyoungana na bamba, hizo huwezi kuziwekea kipande cha chini, utatumia aina ya pili. Pikipiki ambayo usukani wake umekaa juu ya mpira wa kuzuia mtikisiko, ichunguze mpira huo kwanza. Ukiwa umechoka, raiza itauzidisha ulegevu, maana chuma kinapokuwa kirefu zaidi nguvu ya kukipindisha pale chini huongezeka.

Pima unene wa bomba mahali klampu inaposhika, na upime kwa kalipa, kile kipimio cha taya mbili, usikadirie kwa macho. Vipimo vinavyotumika sana ni vitatu: milimita 22, milimita 25.4 na milimita 28.6. Usidanganywe na sehemu ya gripu. Usukani mnene wa 28.6 huwa umepungua hadi 22 kule mikononi, na watu wengi wameagiza raiza zisizoingia kwa sababu walipima mwisho wa bomba badala ya katikati.

Kuhusu kimo cha 50, sababu yangu ya kukukataza ni kebo na hozi. Kiwandani hozi ya breki, kebo ya klachi, kebo za mafuta na nyaya za swichi hukatwa kwa urefu wa usukani wa asili, zikiachiwa ziada ndogo. Kati ya 20 na 30 ziada hiyo mara nyingi inatosha, baada ya kuzipitisha upya. Ukivuka hapo, jiandae kununua hozi na kebo ndefu zaidi, kutoa hewa kwenye breki na kuhamisha nyaya. Rafiki yako pengine ana pikipiki yenye kebo ndefu, au hajawahi kukata kona yote akiwa anaangalia hozi. Mwombe akuonyeshe.

Siku ya kufunga, funika tangi kwa blanketi nene. Mafuta ya breki ya DOT 4 hula rangi, na usukani uliolegea huangukia tangi kabla hujaunyaka. Piga picha za njia za kebo zote kabla ya kugusa kitu. Usukani unapolala pembeni, kikopo cha mafuta ya breki kikae wima na hozi isiachwe ining'inie kwa uzito wa usukani. Bolti nyingi za klampu ni za milimita 8, na mkazo wake kwa kawaida ni kati ya nyutonimita 20 na 25, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho, na maelekezo yaliyokuja na raiza yasomwe yote. Tumia spana ya kupimia mkazo. Klampu nyingine zina alama ya nukta au mshale: alama hiyo hutazama mbele, na bolti za mbele hukazwa kwanza hadi pengo la mbele lifungwe, kisha za nyuma. Nyingine hutaka pengo lilingane mbele na nyuma. Ukichanganya, klampu inaweza kupasuka. Usukani nao mara nyingi una nukta ya kulinganisha na ukingo wa klampu, itumie kama mwanzo wako.

Kisha kaguzi zenyewe. Hapa, mwanangu, nakuomba usiwe na haraka. Nyanyua gurudumu la mbele lielee, ili shokapu zinyooke hadi mwisho, kwa sababu hozi iliyotosha pikipiki ikiwa imesimama chini inaweza kukazana pale gurudumu linaponing'inia. Hilo linahusu hasa hozi inayoshuka moja kwa moja hadi kwenye breki. Kwenye pikipiki nyingi zenye ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukipiga breki, hozi ya usukani huenda kwanza kwenye kifaa cha ABS ndani ya fremu, hivyo kinachoivuta ni kukata kona. Kata usukani wote kushoto, kisha wote kulia, polepole, huku mkono wako mwingine ukipapasa kila kebo na kila waya. Hakuna kinachotakiwa kukazana kama uzi wa gitaa, kubanwa kati ya fremu na kizuizi cha usukani, wala kugusa bomba la moshi. Vuta klachi ukiwa umekata kila upande, ulegevu wake usibadilike. Minya breki vilevile. Zungusha mafuta kisha uachie, yarudi yenyewe kwa mlio mmoja mkavu kila upande. Halafu washa injini, iache itulie, ukate kona zote mbili. Mlio usipande hata kidogo.

Mkishamaliza, angalia kikopo cha mafuta ya breki kama bado kimekaa wima, rekebisha vioo, hakikisha swichi zote na taa ya breki zinafanya kazi. Endesha kwanza mahali pasipo na magari. Ukirudi, chuma kikiwa kimepoa, pima tena mkazo wa bolti. Fanya hivyo tena baada ya safari ndefu ya kwanza.

Anza na 20 au 25, mrefu wangu. Ukitaka zaidi baadaye, utajua unataka zaidi kwa sababu gani.

Mama Fundi, nimefunga raiza za milimita 40 mwenyewe. Mkao ni raha tupu. Ila nikikata kona kali ya kushoto, injini inapandisha mlio yenyewe, nikinyoosha inashuka. Nimeshazoea, nashika klachi. Je, itajirekebisha kebo ikishalegea? — Ametulia

Dada au kaka, siijui jinsia yako, lakini nakusihi kwa moyo wote: usiiendeshe pikipiki hiyo leo, wala kesho, mpaka utakapolimaliza hili.

Kinachotokea ni hivi. Kebo ya mafuta imekuwa fupi kwa njia inayopita sasa. Ukikata kushoto, usukani unaivuta, na kuivuta ni sawasawa na wewe kuzungusha mafuta. Leo ni kona kali ya kugeuzia barabarani. Siku moja utakuwa unageuza kwenye mteremko, mkono wa klachi umechoka, na pikipiki itakimbilia upande ambao hukuuchagua. Kebo haitalegea kwa namna itakayokusaidia. Ni chuma kilichosukwa. Kinachoweza kufanyika ni nyuzi zake kukatika moja baada ya nyingine pale inapokunjika, kisha mafuta yakwame yakiwa wazi.

Pikipiki nyingi zina kebo mbili za mafuta, moja ya kufungulia na moja ya kufungia. Kagua zote mbili. Jaribu kwanza njia: ichomoe kebo kwenye vishikizo vyake vya njiani, itafutie mzunguko mpana usio na kona ya ghafla, labda upande wa pili wa shingo ya usukani, ukitazama picha au mchoro wa kitabu. Ukishapata njia, rekebisha ulegevu kwenye gripu, milimita 2 hadi 4 za kuzunguka bure ndicho kiasi kinachotajwa mara nyingi, kitabu chako kitakuambia chako. Kama bado mlio unapanda, una chaguo mbili tu za haki: kebo ndefu, au raiza fupi. Kurekebisha skrubu ya kebo hadi mwisho ili uvute ulegevu wote uliobaki ni kuficha tatizo.

Na kama pikipiki yako haina kebo kabisa, mafuta yakiamriwa kwa umeme, ninalokuambia linahamia kwenye waya. Waya uliokazwa hukatika ndani, ganda la nje likionekana zima.

Ukiwa hapo hapo, tazama na hozi ya breki. Kebo iliyokuwa fupi kwa 40 aghalabu ina jirani yake aliye kwenye hali ileile.

Shikamoo. Fundi wa jirani amenikatia vipande vya bomba la chuma, akaweka washa kadhaa juu (vile visahani vya chuma vyenye tundu), akafunga bolti ndefu. Usukani umepanda na sijalipa fedha nyingi. Vimekaa imara. Kuna ubaya? — Mpenda vya mkono

Marahaba. Ubaya upo, na namweshimu fundi wako kwa kutaka kukusaidia, lakini kazi hiyo ifunguliwe.

Bomba lililokatwa kwa msumeno, ncha zake hazilingani. Linagusa bamba kwa ukingo mdogo tu, ukingo huo unajichimbia kwenye alumini ya bamba, na kila unapojichimbia mkazo wa bolti unapungua. Washa zilizopangwa juu kwa juu huteleza. Unavyoona viko imara leo ni kwa sababu hujapiga breki ya ghafla kwenye shimo, pale kifua chako chote kinapoutegemea usukani. Bolti inayoshikilia usukani inatakiwa ibane vipande viwili vikae kama kimoja. Ikiachwa ipinde huku na huku hukatika kwa uchovu, na hukatika bila taarifa.

Raiza nzuri huchongwa kutoka kwenye tofali zima la alumini, aghalabu ile inayoitwa 6061-T6, nyuso zake za juu na chini ziko sambamba na mara nyingi zina mwinuko au tundu linaloingia kwenye klampu zisizunguke. Kama mnaye mchongaji mwenye mashine nzuri na mnataka kutengeneza wenyewe, hivyo ndivyo vya kumwomba, na klampu ya asili apelekewe mkononi aipime.

Bolti nazo. Ukiweka raiza ya milimita 25 chini ya klampu, bolti mpya iwe ndefu kuliko ya zamani kwa milimita 25, si kwa makisio. Ikiwa fupi, meno yanayoshika yanabaki machache. Kwenye alumini natamani meno yaingie angalau mara moja na nusu ya unene wa bolti, yaani milimita 12 kwa bolti ya 8. Ikiwa ndefu kupita kiasi inagonga sakafu ya tundu, spana inakuambia imekaza, kumbe haijabana kitu. Soma namba kichwani mwa bolti: 8.8 au zaidi, isiwe chini ya ile iliyotoka kiwandani. Bolti za kung'aa zisizoshika kutu zinapendeza, lakini zile za kawaida zina nguvu pungufu ya 8.8, na mahali hapa mimi siziweki. Tone la gundi ya bolti, ile ya nguvu ya kati inayofunguka kwa spana, linafaa kama maelekezo yanairuhusu. Grisi usipake halafu ukatumia mkazo uleule wa kitabu, maana bolti iliyopakwa hukaza zaidi kwa nguvu ileile na inaweza kung'oa meno.

Fundi, yangu ni ya mbio, mikono ya usukani imefungwa moja kwa moja kwenye shokapu, chini ya bamba la juu. Raiza zitaingia wapi? — Aliyeinama

Hizo za kawaida haziingii popote. Pikipiki yako inahitaji mikono mingine iliyotengenezwa kwa unene wa shokapu zako, yenye shingo inayopanda juu ya bamba, au bamba jipya la juu lenye klampu za kubeba usukani wa bomba moja. Yote mawili hugusa hozi, kebo, na kava za mbele, kwa hiyo kata kona zote kabla ya kukaza na uangalie kama kidole gumba kinabanwa kwenye kava au tangi. Usikubali mtu akushushie au akupandishie shokapu ndani ya bamba kwa ajili ya kutafuta kimo cha mikono. Hiyo inabadilisha tabia ya pikipiki nzima kwenye kona.

Mama, mimi ni mfupi. Kila mtu anasema raiza ni za warefu. Lakini mimi nanyoosha mikono mpaka viwiko vinafunga, na nikikata kona kali mkono wa nje haufiki vizuri. Zitanisaidia? — Mikono mifupi

Zinaweza kukusaidia kuliko hata warefu, binti yangu, na inanisikitisha kwamba umeambiwa hazikuhusu. Wewe huhitaji kimo, unahitaji ukaribu. Kiwiko kilichofunga hakiwezi kuongoza pikipiki, kinapeleka kila mtikisiko wa barabara begani, na kwenye kona kali mkono wa nje ukivutwa hadi mwisho unaweza kuzungusha mafuta bila kukusudia.

Tafuta raiza zilizopinda, zinazorudisha usukani nyuma milimita 20 hadi 30 na kuupandisha kidogo tu. Mtu mfupi akipandishiwa sana, mikono inakaa juu kama anayebeba kikapu kichwani, mabega yanachoka upesi. Kwa kuja nyuma namna hii, kebo na hozi zako huenda zikapata ulegevu badala ya kukazana, jambo zuri, ila ulegevu nao uutazame usije ukanasa mahali au kuziba mita. Shida yako itakuwa tangi. Kata kona yote kila upande ukiwa umeshika gripu kama unavyoshika njiani, na upitishe unene wa vidole vyako na glovu kati ya usukani na tangi. Kama havipiti, punguza.

Usukani ukizungushwa kuja nyuma, kikopo cha mafuta ya breki nacho huinama. Kisawazishe upya. Hozi inapoingilia pampu ikiwa juu kuliko kikopo, hewa hukusanyika pale na leva inakuwa laini. Leva yenyewe ina skrubu au gurudumu dogo la kuileta karibu na vidole katika pikipiki nyingi. Wanawake wengi niliowahudumia walikuwa hawajaambiwa kwamba ipo. Irekebishe hiyo siku hiyohiyo.

Mama Fundi, mkono umepona kabisa tangu niweke raiza za 35. Ila sasa kwenye mwendo mkubwa usukani unahisi mwepesi, na upepo unanipiga kifuani. Ni kawaida? — Wa barabara ndefu

Sehemu yake ni kawaida. Umekaa wima zaidi, uzito wako umerudi nyuma, na gurudumu la mbele limepunguziwa mzigo. Kifua chako kimekuwa tanga, upepo unakusukuma nyuma nawe unajizuia kwa kuuvuta usukani, halafu pikipiki inazipokea nguvu zote hizo za mikono yako. Legeza mikono, bana magoti, inamisha kiwiliwili kidogo kuanzia kiunoni ukifika mwendo wa barabara kuu, na uone kama wepesi unapungua. Mara nyingi hupungua. Kioo cha mbele kirefu kidogo kitasaidia kifua.

Lakini usukani ukitikisika wenyewe, hilo ni jambo jingine, na raiza huwa imelifichua tu. Angalia upepo wa matairi, uchakavu wa tairi la mbele, beringi za shingo ya usukani, na mizigo uliyofunga nyuma. Sanduku zito nyuma ya kiti likiungana na mkao wako mpya hulipunguzia gurudumu la mbele uzito zaidi. Hamishia vitu vizito mbele, karibu na kiti, na chini. Kama mtikisiko unabaki, rudi kwenye 20 kwa wiki kadhaa ulinganishe, na beringi zikaguliwe gurudumu la mbele likiwa hewani.

Mnaoandika, nitajieni aina ya usukani, unene wa bomba katikati na kimo cha raiza mliyonayo au mnayoifikiria, pamoja na vidole vinavyokufa ganzi. Bila hivyo nabaki kukisia.